Sponsa, Kipande na Mtoro: Historia Fupi ya Fundi Anayevuka Mpaka

Kaa jioni na mafundi wa Nairobi au Mombasa, wale wa stima, wa friji na viyoyozi, wa jenereta, wa lifti, wa mabomba, na mazungumzo yatafika tu pale pale. Nani ana sponsa? Kazi yenyewe wanaijua, na vyeti wanavyo, vingine vimetiwa plastiki visichafuke na grisi. Wanachotafuta ni mtu au kampuni itakayoandika jina lake kando ya jina lao, ili serikali ya nchi nyingine ikubali kuwafungulia mlango.

Kwa Kiswahili sanifu huyo ni mdhamini. Ni neno la kuangaliwa vizuri. Mdhamini ndiye anayelipia jezi za timu ya mtaa, na mdhamini ndiye anayekwenda kotini na hati ya shamba ili ndugu yake aachiliwe kwa dhamana. Huyu wa pili akikudhamini, wewe uko nje lakini hujawa huru. Ukitoroka, yeye anapoteza shamba, kwa hiyo ana kila sababu ya kukuchunga. Fundi anayetafuta sponsa huwa anamfikiria yule wa jezi. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi anayempata ni yule wa kotini.

Mimi si wakili na wala si ajenti. Niliacha chuo mwaka wa pili ada iliponishinda, na wengi wa rafiki zangu ni watu wa spana. Nimewaona wakiuza pikipiki na ng'ombe ili kulipia safari ya Ghuba. Nilianza kusoma historia hii kwa sababu ya swali dogo: hii desturi ya kumfunga fundi kwa jina la mwajiri ilitoka wapi? Nilidhani jibu liko Arabuni. Kumbe nusu yake iko hapa kwetu.

Tuanzie Mombasa, mwaka wa 1896. Waingereza wanataka reli kutoka pwani hadi Ziwa Nyanza, na wanataka mafundi: waashi, wahunzi, maseremala, watu wa boila. Wanaamua kuwatoa India. Lakini India ilikuwa na sheria ya mwaka 1883 iliyosema wafanyakazi wa mkataba wanaweza kupelekwa nchi zipi, na Afrika Mashariki haikuwamo, kwa hiyo sheria ikarekebishwa mwaka huo wa 1896. Wafanyakazi wengi walitoka Punjab wakapandia meli Karachi, mji ambao mfanyabiashara A.M. Jeevanjee alikuwa na kampuni iliyopewa zabuni ya kuleta watu na vyakula. Ukipumzika leo kwenye bustani ya Jeevanjee pale katikati ya Nairobi, umekaa kwenye jina la mmoja wa maajenti wa kwanza wa kazi za nje katika historia yetu.

Mkataba ulikuwa wa miaka 3. Nauli ya kuja ililipwa na mwajiri, na ya kurudi pia. Chakula juu yake. Kwa jumla walikuja watu karibu 32,000. Karibu 2,500 kati yao walikufa, zaidi ya 6,000 wakarudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema, na waliobaki baada ya kazi kuisha hawakufika 7,000. Kwa hiyo sitaki kupamba enzi hiyo. Lakini jambo moja lishike, tutalirudia: katika mkataba ule wa kikoloni, tena mkali, fundi hakulipa nauli yake mwenyewe.

Na kama unadhani vyeti feki ni ugonjwa wa kizazi chetu, soma habari za Tsavo, 1898. Injinia J.H. Patterson, yule yule wa simba wala watu, aliletewa kikosi cha waashi wa kuchonga mawe ya daraja. Baada ya siku chache akagundua kwamba wengi hawajawahi kuchonga jiwe maishani. Sababu aliieleza mwenyewe: mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi, kibarua wa kawaida rupia 12. Nani angekosa kujiita mwashi? Patterson akaamua kuwalipa kulingana na kazi anayotoa kila mmoja. Waashi wakakasirika, wakapanga kumuua kwenye machimbo ya mawe, na mmoja wao akamtonya. Jamaa akaenda hivyo hivyo, akawahutubia, akatoka hai. Viongozi wa njama wakapelekwa Mombasa kushtakiwa.

Patterson aliiandika kama hadithi ya ujasiri wake. Ukiisoma kwa jicho la fundi, ni hadithi ya mtihani uliofanyika mahali pasipofaa. Hakuna aliyewapima watu hawa kabla hawajapanda meli. Ajenti alihesabu vichwa, mwajiri akavipokea, na ugomvi ukazuka porini ambako hakuna pa kukimbilia. Leo hapa Kenya tuna mitihani ya NITA, Grade III hadi Grade I, na nchi kadhaa za Ghuba hutaka fundi apimwe kwanza kwa mikono yake. Watu huona ni usumbufu. Mimi naona ni afadhali ukataliwe Nairobi kuliko ukataliwe jangwani, na pasipoti yako iko kwenye kabati la mtu mwingine.

Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Mafundi waliobaki walifungua karakana, wakajenga nyumba, wakatengeneza mikokoteni na baadaye magari. Wengi walikuwa Makalasinga wa jamii za mafundi, na mpaka leo kuna wazee wa jua kali watakaokwambia wamefundishwa kazi na Kalasinga fulani.

Upande wa Waafrika, serikali ya kikoloni ilikuwa na shida nyingine. Watu walikuwa wakiacha kazi za mashambani na kurudi makwao, au kuhamia kwa mzungu anayelipa vizuri zaidi. Dawa yake ikawa kipande. Sheria ilipitishwa mwaka 1915, vita ikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa 1919. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole. Ilitiwa kwenye kikopo cha bati, kikaning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyokieleza.

Cha muhimu zaidi kilikuwa ndani ya kikopo. Kila mwajiri aliandika humo jina lake, tarehe uliyoanza, mshahara, na tarehe uliyoachishwa, kisha akatia sahihi. Bila ile sahihi ya mwisho hukuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Ukiondoka kabla haijatiwa, hukuwa mtu aliyeacha kazi. Ulikuwa mhalifu, na polisi walikufuata kwa nambari yako mpaka kijijini. Na kwa kuwa mshahara wa zamani ulikuwa umeandikwa pale wazi, mwajiri mpya alijua kiasi gani kidogo anachoweza kukupa ukakubali.

Hili ndilo lililowatoa watu barabarani mwaka wa 1922. Harry Thuku, karani wa simu wa serikali, alikuwa akihutubia mikutano dhidi ya kipande, kodi, na mpango wa kupunguza mishahara. Akakamatwa tarehe 14 Machi. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na risasi zikafyatuliwa. Yeye alikuwa miongoni mwa waliokufa. Tunaposoma habari hizi shuleni tunaambiwa ni mwanzo wa siasa za uhuru, na ni kweli. Lakini zilikuwa pia habari za kazi: watu walipigwa risasi katika ugomvi uliohusu, pamoja na mengine, nani mwenye haki ya kusema umemaliza kazi.

Kiswahili kilikuwa tayari na neno la mtu aliyeondoka bila ruhusa ya mwenyewe. Mtoro. Katika karne ya 19 watoro wa pwani walikuwa watumwa waliokimbia mashamba ya minazi na mtama, wakaanzisha vijiji vyao kama Fuladoyo, au wakajificha kwa wamisionari wa Rabai. Mabwana walipokuja kuwadai Rabai, kampuni ya Imperial British East Africa iliwalipa fidia, na mwanzo wa 1889 zaidi ya watoro elfu moja wakapewa hati za uhuru. Karatasi ikamtoa mtu kwenye utoro. Miaka thelathini tu baadaye, karatasi nyingine ikaanza kuwarudisha wajukuu wao kwenye jina hilo hilo.

Sasa tuvuke bahari.

Kabla ya mafuta, utajiri wa Ghuba ulikuwa lulu. Majahazi ya Bahrain, Kuwait, Qatar na miji ya pwani ya Oman yalitoka msimu wa joto na wapiga mbizi, na kwenye kila jahazi bwana mkubwa alikuwa nahodha. Neno ni letu pia, tumeligawana. Nahodha alimkopesha mpiga mbizi pesa za kulisha familia kabla ya msimu, na mapato ya msimu hayakutosha kulipa deni. Mpiga mbizi aliyetaka kuhamia jahazi lingine alihitaji karatasi kutoka kwa nahodha wake ya kuonyesha anadaiwa nini. Baadhi ya waliozama kutafuta lulu hizo walikuwa watumwa waliotolewa pwani yetu hii. Kwa hiyo hata huko, tulikuwepo kabla ya viza.

Kafala, kama neno la fikihi ya Kiislamu, ni la zamani: ni mtu kumsimamia mwenzake kwa deni, au kumlea yatima. Halikuwa na habari ya kumnyima fundi ruhusa ya kubadilisha kampuni. Mwanahistoria wa Bahrain, Omar AlShehabi, ametafiti jinsi lilivyogeuka. Anaonyesha kwamba mfumo wa sasa ulichipuka chini ya usimamizi wa Waingereza huko Bahrain kuanzia miaka ya 1920. Wageni walikuja kwa ajili ya lulu, na baadaye kwa ajili ya mafuta, ambayo yaligunduliwa Bahrain mwaka 1932. Utawala haukuwa na maafisa wa kutosha kumfuatilia kila mmoja, kwa hiyo ukamwambia mwenyeji: huyu ni wako, akileta shida tutakuuliza wewe. Kazi ya polisi ikakabidhiwa mwajiri.

Weka hilo kando ya kipande. Ni dola ile ile na miaka ile ile. Sina ushahidi kwamba afisa mmoja wa Nairobi alimwandikia mwenzake wa Manama kumpa maarifa, na hoja yangu haihitaji barua hiyo. Tatizo lilikuwa moja, kupata kibarua wa bei ya chini asiyehamahama, na jibu likafanana: funga ruhusa ya mtu kuwa nchini kwenye sahihi ya anayemwajiri.

Bei ya mafuta ilipopanda baada ya 1973, Ghuba ilianza kujengwa upya, na mafundi wakamiminika kutoka India, Pakistan, Misri, Ufilipino. Wakenya walikuja kwa wingi baadaye. Majengo yale marefu yakiisha kujengwa yanataka kutunzwa. Joto likifika nyuzi 45, kiyoyozi kikiharibika kwenye ghorofa ya 30 si jambo la kungoja Jumatatu. Ndiyo maana kazi za matengenezo haziishi huko, na ndiyo maana majina yetu yako kwenye orodha.

Sheria za huko zimebadilika, tuseme ukweli. Bahrain ililegeza ruhusa ya kuhama mwajiri mwaka 2009. Qatar, ikiwa chini ya macho ya dunia kwa sababu ya Kombe la Dunia la 2022, iliondoa kibali cha kutoka nchini kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, na mwaka 2020 ikaondoa ile barua ya mwajiri ya kusema hana pingamizi ukihama. Ikaweka pia kima cha chini cha riyal 1,000 kwa mwezi, kilichoanza Machi 2021. Saudi Arabia nayo ilianza mageuzi yake Machi 2021, ingawa wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Lakini katika mifumo hii mwajiri amebaki na silaha moja ya zamani: anaweza kuripoti kwamba umetoroka. Saudi huita huroob, kukimbia. Ukiripotiwa, ukaazi wako unaingia matatani, hata kama ulichokimbia ni miezi minne bila mshahara. Mtoro, tena.

Wengine husema basi tuachane na Waarabu, twende kwa Waingereza. Historia ya huko nayo inatuhusu moja kwa moja.

Mwaka 1962 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwabana raia wa Jumuiya ya Madola. Aliyetaka kwenda kufanya kazi alihitaji vocha kutoka Wizara ya Kazi, na vocha zilikuwa za aina tatu: mwenye kazi maalum inayomngoja, mwenye ujuzi unaohitajika, na wengineo. Miaka mitano baadaye Kenya huru ikapitisha sheria yake ya uhamiaji, 1967, iliyowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi. Wahindi wengi wa Kenya, wakiwemo watoto na wajukuu wa mafundi wa reli, walikuwa na pasipoti za Uingereza. Ghafla karakana aliyoianzisha babu ikahitaji kibali. Wakaanza kuondoka, na London ikapitisha sheria nyingine kwa siku tatu tu, ikaanza kutumika Machi 1968, iliyowafungia mlango wenye pasipoti zake yenyewe. Wakawekewa vocha 1,500 kwa mwaka za wakuu wa familia. Babu aliletwa na mkataba, nauli imelipwa. Mjukuu akabaki katikati ya bahari mbili akingoja nambari.

Mfumo wa sasa wa Uingereza ulianza Desemba 2020. Mwajiri lazima awe na leseni ya udhamini, na jina lake liko kwenye orodha ya serikali ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma bure. Anakupa cheti cha udhamini, ambacho kwa kweli ni nambari tu kwenye kompyuta. Hakuna karatasi yenye mhuri wa dhahabu. Ukiuziwa hiyo, umeuziwa picha. Ukifutwa kazi, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine mwenye leseni au kuondoka. Na mlango umekuwa ukifungwa polepole: kima cha kawaida cha mshahara kilitoka pauni 26,200 hadi 38,700 Aprili 2024, kisha 41,700 Julai 2025. Tarehe hiyo ya mwisho kazi kadhaa za ufundi ziliondolewa, kwa sababu sasa kazi lazima iwe ya ngazi ya digrii, isipokuwa zilizo kwenye orodha maalum za muda. Fundi mwenye miaka 15 ya kazi anaweza kuwa hatoshi. Nilipolisoma hilo, mimi niliyeacha digrii njiani, nilicheka kidogo.

Ujerumani nayo ilitia saini makubaliano na Kenya Septemba 2024, na wiki hiyo kila mtu mtaani alikuwa na nambari 250,000 mdomoni. Serikali ya Ujerumani ikakanusha: makubaliano hayakuwa na idadi yoyote ya nafasi. Lakini maajenti walikuwa wameshaipata ile nambari, na nambari ikishaingia River Road haitoki.

Kwa hiyo fundi afanye nini? Siwezi kumwambia mtu akae nyumbani. Ufundi wa kuvuka bahari ndio uliojenga nusu ya Nairobi. Ninachoweza kusema ni kwamba miaka hii 130 imeacha maswali matatu ambayo kila mkataba unafaa kujibu kabla ya ng'ombe kuuzwa.

La kwanza, nani analipa? Mwaka 1896 alilipa mwajiri. Leo Uingereza inamkataza mwajiri kumtwika mfanyakazi gharama ya leseni ya udhamini na ya cheti chenyewe. Mtu anayekuuzia udhamini anauza kitu ambacho kisheria hakiuzwi. Jamaa niliyesoma naye sekondari, fundi mzuri wa friji, alilipa ofisi moja ya mjini hela za viyoyozi vitatu vipya kwa ajili ya kazi ya Ghuba. Alipofika, deni lilikuwa limemfunga kuliko sheria yoyote. Asingeweza kurudi hata mlango ungeachwa wazi, sawa kabisa na mpiga mbizi na nahodha wake.

La pili, ukiondoka, unaitwa nani? Soma kipengele cha kuvunja mkataba kabla ya kipengele cha mshahara. Uliza notisi ni siku ngapi, unaweza kuhamia kampuni nyingine baada ya muda gani, na nani anatoa ruhusa hiyo, serikali au bosi. Kama jibu ni bosi peke yake, hicho ni kipande bila kikopo.

La tatu, karatasi inakaa kwa nani? Wazee wetu walivaa kipande shingoni na walikichukia, lakini angalau walikuwa nacho. Mfanyakazi ambaye pasipoti yake imechukuliwa na kampuni siku ya kwanza yuko chini ya hapo, na hata nchi za Ghuba zenyewe zimepiga marufuku kitendo hicho. Majina ya mawakala waliosajiliwa Kenya yako kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kuyaangalia ni dakika tano.

Jambo moja la mwisho. Mwaka 1927 kijana wa miaka 13 aliletwa kutoka Punjab kumfuata baba yake, fundi seremala aliyekuwa amefanya kazi reli kisha akafungua kiwanda cha uchapishaji Nairobi. Kijana huyo alikuwa Makhan Singh. Mwaka 1935 alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichofungua milango kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai wakaunganisha vyama chini ya mwavuli mmoja wa Afrika Mashariki, na mwaka 1950 Waingereza wakamkamata, wakamshikilia kizuizini hadi 1961. Kosa lake kubwa lilikuwa kuwaunganisha mafundi wa mkataba na vibarua wa kipande, watu ambao sheria ilikuwa imewagawa kwa karatasi tofauti, wakaanza kusomeana karatasi zao. Mafundi wanaokusanyika jioni kuulizana nani ana sponsa wanaweza kuanzia hapo hapo. Kila mmoja atoe mkataba aliopewa, uwekwe mezani, usomwe kwa sauti mpaka ukurasa wa mwisho.